Kutoka 6.0 Hadi Desimali: Siku Algorithimu ya Barafuni Ilipofutwa na Kuandikwa Upya

Leo tuache kidogo mambo ya seva na simu, tuzungumze kuhusu barafu. Najua wengi wetu barafu tunayoifahamu ni ile ya kwenye friji, na hapa Nairobi habari ya kuteleza ilianza kusikika 2005 uwanja wa Panari ulipofunguliwa kule barabara ya Mombasa. Lakini mchezo wa densi ya barafuni una kisa ambacho kila mwandishi wa programu angefaa kukijua. Ni nadra sana dunia nzima kukaa mbele ya televisheni ikabishana kuhusu algorithimu, na ni nadra zaidi algorithimu hiyo kutupwa na nyingine kuandikwa upya ndani ya miaka miwili. Hapa yote mawili yalitokea.

Kwanza maelezo mafupi kwa asiyejua mchezo wenyewe. Mtelezaji hucheza mara mbili: mpango mfupi, kisha siku nyingine mpango mrefu. Ndani yake kuna miruko, mizunguko na hatua za miguu, yote yakienda na muziki. Hakuna goli, hakuna saa ya kupima kasi, hakuna utepe wa kumaliza mbio. Kuna waamuzi tu, kwa kawaida tisa, wamekaa kando ya barafu. Sasa swali ni hili: utachukuaje maoni ya watu tisa na kuyageuza kuwa mshindi mmoja?

Jibu la zamani lilikuwa kipimo cha 0 hadi 6.0. Kila mwamuzi alitoa alama mbili, moja ya ufundi na nyingine ya uwasilishaji, yaani usanii. Sita ilikuwa ukamilifu. Huko Sarajevo mwaka 1984 Waingereza Jayne Torvill na Christopher Dean walicheza mpango wao wa Bolero wakapata 6.0 mara kumi na mbili katika onyesho moja, tatu za ufundi na tisa za usanii. Hata mtu asiyejua lolote kuhusu mchezo huo aliuona ule mstari wa sita sita sita akaelewa kilichotokea. Nasema mapema kwamba hilo lilikuwa jambo zuri ambalo mfumo mpya haujaweza kulirudisha.

Lakini watazamaji wengi hawakujua kwamba zile alama zenyewe hazikujumlishwa kati ya mwamuzi na mwamuzi. Zilikuwa za kupangia foleni tu. Mwamuzi akikupa 5.8 na mwenzako 5.7, kilichohifadhiwa ni kwamba wewe ni wa kwanza na yeye wa pili. Mwamuzi mkali aliyetoa 5.2 na 5.1 alikuwa amesema jambo lile lile kabisa. Kwa lugha yetu ya kazi, namba zilikuwa ufunguo wa kupangia orodha, na orodha ikishapangwa namba zinatupwa.

Usiudharau mpangilio huo. Una kinga nzuri ndani yake: mwamuzi mkali na mwamuzi mpole wana uzito sawa, na mwamuzi mmoja mwenye chuki hata akikupa 2.0 hakuumizi zaidi ya kura yake moja. Wanaoshughulika na data wanajua thamani ya kitu hicho. Tatizo ni kwamba ukishatupa namba, umetupa pia habari ya mtu alishinda kwa kiasi gani. Ushindi wa nywele na ushindi wa kilomita vinaandikwa vile vile.

Tena kulikuwa na shida ya foleni yenyewe. Waliotangulia kucheza walipewa alama za chini kidogo kwa sababu mwamuzi alilazimika kuacha nafasi juu kwa ajili ya waliobaki. Ukimpa wa kwanza 5.9, wa ishirini akija na kucheza maajabu utampa nini? Ndugu zao wa mazoezi ya viungo waliwahi kugonga dari kama hiyo kwa njia ya kuchekesha: Montreal 1976, Nadia Comaneci alipata 10 kamili na ubao wa alama ukaandika 1.00, kwa kuwa haukuwa umetengenezwa kuonyesha namba ya tarakimu mbili kabla ya nukta. Sisi tunaoandika programu tunaliita hilo Jumatatu ya kawaida.

Malalamiko kuhusu waamuzi ni ya zamani kuliko televisheni. Mwaka 1927 huko Oslo, msichana wa miaka 14 wa Norway, Sonja Henie, alimshinda bingwa wa Austria Herma Szabo katika mashindano ya dunia. Waamuzi walikuwa watano, na watatu kati yao walikuwa wa Norway. Unaweza kukisia kura zilivyokwenda. Baada ya hapo shirikisho la kimataifa la mchezo huo, ISU, likaweka kanuni ya mwamuzi mmoja kwa kila nchi. Mwaka 1972 huko Sapporo ikaja shida ya aina nyingine. Beatrix Schuba wa Austria alichukua dhahabu ya Olimpiki ilhali katika mpango huru alikuwa wa saba, kwa sababu alikuwa bingwa asiyefikika wa kuchora maumbo kwenye barafu kwa makali ya viatu, sehemu ambayo wakati huo ilikuwa nusu ya alama zote. Mmarekani Janet Lynn aliyeshinda mpango huru akarudi nyumbani na shaba. Watazamaji wa televisheni hawakuwa wameonyeshwa ile sehemu ya maumbo, kwa hiyo walichoona ni wizi mtupu. Maumbo yakapunguzwa uzito, na baada ya 1990 yakaondolewa kabisa katika mashindano ya kimataifa.

Haya, tuingie kwenye hesabu, maana hapa ndipo penye utamu.

Katika miaka ya mwisho ya mfumo wa 6.0, nafasi yako ya mpango mfupi ilizidishwa kwa 0.5, ya mpango mrefu kwa 1.0, kisha zikajumlishwa. Mwenye jumla ndogo ndiye mshindi, na wakilingana anatazamwa aliyefanya vizuri zaidi mpango mrefu. Sasa chukua Olimpiki ya Salt Lake City, Februari 2002, upande wa wanawake. Baada ya mpango mfupi Michelle Kwan wa Marekani alikuwa wa 1, Irina Slutskaya wa Urusi wa 2, Sasha Cohen wa 3, na Sarah Hughes, msichana wa miaka 16, wa 4. Kwa hiyo Kwan alibeba 0.5, Slutskaya 1.0, Hughes 2.0.

Katika mpango mrefu Hughes aliruka kama mtu asiye na cha kupoteza. Kwan alianguka mara moja. Kabla Slutskaya hajaingia, kwa kuwa yeye ndiye aliyecheza wa mwisho, hali ilikuwa hivi: Hughes wa 1 katika mpango mrefu, jumla 2.0 + 1.0 = 3.0. Kwan wa 2, jumla 0.5 + 2.0 = 2.5. Kwan yuko mbele ya Hughes.

Slutskaya akacheza, waamuzi wakamweka wa 2 katika mpango mrefu. Kwan akasukumwa hadi wa 3, jumla yake ikawa 3.5. Slutskaya 1.0 + 2.0 = 3.0. Hughes bado 3.0, na kwa kuwa ameshinda mpango mrefu, dhahabu ni yake. Kwan kaanguka hadi shaba.

Isome tena polepole. Hughes na Kwan wote walikuwa wamekwisha kuvua viatu. Hakuna aliyeongeza wala kupunguza chochote. Lakini mtu wa tatu alipoingia barafuni, mpangilio kati ya wale wawili uligeuka. Na si hilo tu. Kama waamuzi wangempa Slutskaya nafasi ya 1, hesabu ingekuwa Slutskaya 2.0, Kwan 3.5, Hughes 4.0, yaani Hughes angeshuka hadi shaba na Kwan kuwa mbele yake. Na wangempa nafasi ya 3, Kwan angekuwa bingwa kwa 2.5. Swali la nani bora kati ya Hughes na Kwan lilijibiwa na miguu ya Slutskaya!

Wanaosoma nadharia ya uchaguzi hawatashangaa. Mwaka 1951 mchumi Kenneth Arrow alithibitisha kihisabati kwamba ukitaka kuunganisha orodha za watu wengi kuwa orodha moja, na chaguo ni tatu au zaidi, huwezi kupata kanuni inayotimiza masharti machache ya haki kwa wakati mmoja, ukiacha ile ya kumpa mtu mmoja uamuzi wote. Sharti mojawapo ni kwamba A na B wapangwe bila kumtazama C. ISU walikuwa wamejaribu kuziba tundu hilo mwaka 1998 kwa kubadilisha jinsi ya kuunganisha kura ndani ya kila mpango, wakilinganisha watelezaji wawili wawili kama timu za ligi. Walipunguza dalili. Lakini hitilafu haikuwa kwenye msimbo, ilikuwa kwenye muundo wa data: ukihifadhi nafasi peke yake, huna jinsi.

Hata hivyo si hesabu iliyouua mfumo wa 6.0. Ulikufa siku kumi kabla ya usiku wa Hughes, tarehe 11 Februari 2002, katika mashindano ya wawili wawili. Warusi Elena Berezhnaya na Anton Sikharulidze walicheza, Sikharulidze akayumba kwenye mruko mmoja. Wakanada Jamie Salé na David Pelletier wakacheza bila kosa la kuonekana. Dhahabu ikaenda kwa Warusi, kura 5 kwa 4. Ukumbi ukazomea. Kisha ikajulikana kwamba mwamuzi wa Ufaransa, Marie-Reine Le Gougne, alikuwa amewaambia viongozi kwamba alishinikizwa na shirikisho la nchi yake kuwapigia Warusi kura. Habari zilizotapakaa zilisema ni biashara ya kubadilishana, kwamba Wafaransa nao wangesaidiwa katika densi ya wawili. Baadaye Le Gougne aligeuza maneno, akasema aliamini kweli Warusi walikuwa bora. Yeye na rais wa shirikisho la Ufaransa, Didier Gailhaguet, walifungiwa miaka mitatu, na Wakanada wakapewa dhahabu ya pili kabla michezo haijaisha.

Hapo rais wa ISU, Ottavio Cinquanta, Mwitaliano ambaye mwenyewe alikuwa ametokea mchezo wa mbio za barafuni ambako saa ndiyo mwamuzi, akaahidi mfumo mpya. Msimu wa 2002 hadi 2003 wakapachika kiraka: waamuzi 14, kompyuta ikichagua 9 kwa siri. Mfumo wenyewe ukajaribiwa kuanzia 2003, ukapitishwa na mkutano mkuu wa ISU mwaka 2004, na ukaonekana Olimpiki kwa mara ya kwanza Torino 2006.

Mfumo mpya ni wa kujumlisha. Kila mruko, kila mzunguko, kila mfululizo wa hatua una bei yake kwenye jedwali. Katika jedwali la baada ya 2018, mruko wa toe loop wa mizunguko mitatu ni 4.2 na wa minne ni 9.5. Jopo dogo la wataalamu watatu, wakiwa na video ya kurudisha nyuma, linatamka ni kitu gani kimefanywa na kama mruko umekamilika. Waamuzi nao wanasema kimefanywa vizuri kiasi gani, zamani kutoka -3 hadi +3, na tangu msimu wa 2018 kutoka -5 hadi +5, ambapo kila hatua ni asilimia 10 ya bei. Pembeni kuna alama za usanii hadi 10. Katika kila kipengele alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa, zilizobaki zinatolewa wastani. Yote yanajumlishwa, na alama zako hazibadiliki eti kwa sababu fulani ameingia barafuni baada yako. Kisa cha Hughes na Kwan hakiwezi kurudi.

Ukubwa wa tofauti nao ulirudi. Mwaka 2018 huko PyeongChang, Mmarekani Nathan Chen alivurunda mpango mfupi akawa wa 17, kisha akajaribu miruko sita ya mizunguko minne katika mpango mrefu, akaushinda na kumaliza wa 5. Kwa hesabu ya zamani angeanza na mzigo wa 8.5, na hata kwa ushindi wa mpango mrefu angefika 9.5. Mtu wa kawaida aliyeshika nafasi ya 6 pande zote mbili angekuwa na 9.0 na kumpita.

Lakini kila mwandishi wa programu anajua kitakachofuata. Ukiweka bei hadharani, watu wanasoma bei. Kwa miaka mingi miruko ya nusu ya pili ya mpango ilipewa nyongeza ya asilimia 10, kwa hoja kwamba miguu imechoka. Vancouver 2010, Evan Lysacek wa Marekani alimshinda Evgeni Plushenko wa Urusi kwa 257.67 dhidi ya 256.36. Lysacek hakuruka hata mruko mmoja wa mizunguko minne, Plushenko aliruka. Kwenye mpango mrefu alama zao za usanii zililingana hadi desimali ya mwisho, 82.80 kila mmoja. Lysacek alikuwa ameweka miruko mingi zaidi nusu ya pili na kuifanya kwa usafi zaidi, basi. Plushenko alikasirika sana, lakini kwa mtazamo wangu Lysacek alisoma kanuni na Plushenko akasoma historia. Miaka minane baadaye Alina Zagitova, mwenye miaka 15, aliihamisha miruko yote ya mpango mrefu kwenda nusu ya pili, akamshinda Mrusi mwenzake Evgenia Medvedeva, 239.57 kwa 238.26. Piga hesabu ya tofauti katika fainali zote mbili: 1.31 na 1.31. Msimu uliofuata ISU wakaweka kikomo, nyongeza ni kwa miruko mitatu ya mwisho tu katika mpango mrefu na mmoja katika mpango mfupi. Kiraka juu ya kiraka.

Na sasa jambo linalonikera zaidi katika hadithi hii yote. Pamoja na jedwali zuri, ISU waliingiza siri. Alama za kila mwamuzi zilichapishwa, lakini kwa mpangilio uliochanganywa, bila jina wala nchi. Hoja yao ilikuwa kwamba anayetoa hongo hataweza kuhakikisha kama alichonunua kimeletwa. Ni hoja yenye akili, sikatai. Lakini ni sawa na kukomesha wizi dukani kwa kuzima kamera ili mwizi asijione. Na bahati nasibu nayo: Torino kulikuwa na waamuzi 12, tisa wakichaguliwa na kompyuta. Kuchagua 9 kati ya 12 kuna njia 220, kwa hiyo onyesho lile lile lilikuwa na majopo 220 yanayowezekana. John Emerson, mtakwimu wa Chuo Kikuu cha Yale, alichambua mashindano ya Ulaya ya 2006 akaonyesha kwamba nafasi zingeweza kubadilika kutegemea kompyuta ilivyochagua. Mchumi Eric Zitzewitz wa Dartmouth alitafuta kama upendeleo wa mwamuzi kwa watu wa nchi yake umepungua baada ya siri kuletwa. Haukupungua; uliongezeka kidogo.

Mtu atasema, si alama za pembeni zinatupwa? Ndiyo, lakini mjanja haendi pembeni. Tuseme jopo la 9, mbili zinatupwa, 7 zinabaki. Vipengele 12, wastani wa bei 6. Mwamuzi akikuongezea hatua moja tu kila mahali, huku akibaki katikati ya wenzake, ni 0.6 mara 12 gawa kwa 7, kama alama 1.03. Hajagusa bado alama za usanii. Ukikumbuka ile 1.31, utaona kwamba mtu mmoja mpole na mvumilivu anatosha kutisha. Katika mfumo wa nafasi angekuwa na kura yake moja tu.

Sochi 2014 ndipo siri ilipolipuka. Mwenyeji Adelina Sotnikova alipata 224.59, bingwa mtetezi Yuna Kim wa Korea Kusini 219.11. Katika jopo alikuwemo mwamuzi aliyewahi kufungiwa mwaka mmoja baada ya mwenzake kumrekodi kwa simu akipanga matokeo ya Nagano 1998, na mwingine aliyekuwa mke wa mkuu wa zamani wa shirikisho la Urusi. Malalamiko ya Wakorea yalikataliwa. Huenda Sotnikova alistahili, jedwali lake lilikuwa na miruko mingi zaidi ya mizunguko mitatu kuliko la Kim. Ila hakuna aliyeweza kuhakikisha mwamuzi gani alitoa nini, kwa sababu rekodi ilikuwa imechanganywa makusudi.

Mwaka 2016 mkutano mkuu wa ISU huko Dubrovnik ukafuta siri hiyo. Majina yakarudi kwenye karatasi za alama. Matunda hayakuchelewa: baada ya PyeongChang 2018, waamuzi wawili wa China walifungiwa, mmoja mwaka mmoja na mwingine miwili, kwa kuwapendelea watelezaji wa nchi yao, na ushahidi ulikuwa zile zile safu za namba ambazo mtu yeyote mwenye lahajedwali angeweza kuzipakua na kuzilinganisha. Kuanzia msimu wa 2022 alama za usanii nazo zikapunguzwa kutoka vipengele vitano hadi vitatu, kwa kuwa waamuzi walikuwa wakiandika karibu namba moja kote. Jopo la wale wataalamu watatu wanaotamka mruko ni upi bado liko vile vile, na mpaka sasa sauti yao ndiyo yenye uzito kuliko ya mwamuzi yeyote aliyekaa kwenye ile meza ndefu.